Ajira haziko ndani ya uzio

Juni 2018, Rais Donald Trump wa Marekani alikwenda Mount Pleasant, jimboni Wisconsin, mji mdogo ambao kisheria bado unaitwa kijiji. Akashika sepetu ya rangi ya dhahabu pamoja na Terry Gou, mwenyekiti wa Foxconn ya Taiwan, wakachota udongo mbele ya kamera. Kampuni ilikuwa imeahidi kiwanda cha skrini, mtaji wa dola bilioni 10 na ajira 13,000. Trump akakiita ajabu ya nane ya dunia. Jimbo liliahidi nafuu za kodi zinazokaribia dola bilioni 3, na serikali za mitaa zikakopa, zikanunua mashamba na nyumba za watu, zikapanua barabara. Aprili 2021 mkataba ukaandikwa upya. Safari hii ulitaja ajira 1,454 na uwekezaji wa dola milioni 672.

Nimeanza na Wisconsin kwa makusudi, maana wengi wetu tunadhani kuingizwa mjini na mwekezaji ni ugonjwa wa nchi maskini peke yake. Wale walikuwa na wanasheria wa kila aina, bunge lenye meno na magazeti yasiyolala. Kilichowaponza ni namba. Namba ya ajira ni tamu kwa mwanasiasa: inasomwa siku ya jiwe la msingi, inaandikwa kwenye bango, na siku ya kuihakiki ikifika mwenyewe ameshahama ofisi. Jimbo liliponea kwenye kifungu kimoja: nafuu zilipangwa kulipwa baada ya ajira kuonekana. Ajira hazikuonekana, fedha nyingi haikutoka. Serikali za chini, zilizokuwa zimetanguliza fedha, zilibaki na madeni na ardhi inayomngoja mgeni mwingine. Mgeni mwingine alikuja kweli, Microsoft, kujenga vituo vya data, majengo yanayomeza mabilioni na kuajiri watu wachache mno kwa ukubwa wake.

Hoja yangu ni kwamba tunahesabu mahali pasipo. Ajira ambazo mtaji wa nje unaweza kuziacha vijijini haziko, kwa sehemu kubwa, ndani ya uzio wa kiwanda, shamba au mgodi. Ziko nje yake: kwa anayemuuzia mwekezaji, anayembebea mzigo, anayemtengenezea mashine, na kwa yule aliyefanya kazi ndani miaka kadhaa akatoka na ujuzi wake. Ndani ya uzio watu watazidi kupungua, kwa sababu mashine hazigomi wala haziumwi, na bei yake inashuka. Anayekwenda kujadiliana na mwekezaji akiwa na swali moja tu, "utaajiri wangapi?", ameshapoteza nusu ya mazungumzo kabla hajakaa.

Chukua kiwanda cha kuyeyusha alumini cha Mozal, nje kidogo ya Maputo. Kilianza uzalishaji mwaka 2000, na awamu zake mbili ziligharimu takriban dola bilioni 2. Ajira zake za kudumu zikawa zaidi kidogo ya 1,000. Gawanya mwenyewe uone kila kiti kimoja kilikula dola ngapi. Kilichonivutia katika habari ya Mozal ni kazi iliyofanyika pembeni: kituo cha uwekezaji cha Msumbiji pamoja na IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, waliendesha mpango wa kuziandaa kampuni ndogo za wenyeji kushinda zabuni za kiwanda. Jambo mojawapo walilofanya lilikuwa rahisi ajabu: zabuni kubwa zilikatwa vipande, ili mwenye welding ndogo au magari machache naye aweze kuomba. Zabuni ikiwa moja ya "huduma zote za matengenezo", mshindi atatoka nchi nyingine. Ikigawanywa kuwa uchomeleaji, usafi, usafiri wa wafanyakazi na ushonaji wa sare, mwenyeji anapata pa kuingilia. Hilo halihitaji sheria mpya wala shilingi ya bajeti. Linahitaji mtu wa serikali anayejua kiwanda kinanunua nini.

Ila alumini inaweza kuyeyushwa popote penye umeme wa bei nafuu. Kwa vijijini hasa, ningeshauri wanaotafuta wawekezaji waanze na swali lingine: ni kitu gani hakiwezi kusindikwa mbali na shamba? Jani la chai linatakiwa kufika kiwandani siku ileile lililochumwa. Matunda ya michikichi yakilala, mafuta yanaharibika. Maziwa hayasubiri. Muwa ukishakatwa unaanza kupoteza sukari. Mazao ya namna hii yanamlazimisha mwenye mtaji kuja kijijini hata asipopenda, na mtu anayelazimika kuja huhitaji kumbembeleza kwa msamaha wa kodi wa miaka kumi. Nashangaa ni mara ngapi tunatoa vivutio vilevile kwa kiwanda kisicho na pa kwenda na kwa kile kinachoweza kufunga mizigo wiki ijayo.

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, linaonyesha utamu na uchungu wa hali hiyo kwa pamoja. Tanzania ilibinafsisha Kampuni ya Sukari Kilombero mwaka 1998. Wawekezaji wakiongozwa na Illovo ya Afrika Kusini wakachukua asilimia 75, serikali ikabaki na 25. Ndani ya uzio wapo wafanyakazi wa kiwanda na wa mashamba ya kampuni. Nje wapo wakulima wa nje, yaani wenyeji wanaolima miwa kwenye mashamba yao wenyewe, maelfu kwa maelfu, na sehemu kubwa ya miwa inayosagwa hutoka kwao. Nyuma yao wapo wakataji, madereva wa matrekta na malori, mafundi, wakopeshaji na makarani wa vyama vya ushirika. Ukihesabu mishahara ya kiwanda peke yake, hao wote hutawaona.

Sasa tazama muwa mmoja unavyosafiri. Shamba huchomwa moto ili majani yaondoke, miwa hukatwa, hupakiwa, lori hupanda mizani ya kiwanda, sampuli huchukuliwa kupimwa kiwango cha sukari. Mkulima hulipwa kwa uzito na kwa kipimo hicho. Tangu moto unapozimika shambani, saa inakwenda: kila siku ya kungoja sukari inashuka na uzito unashuka. Lori likikwama kwenye foleni siku tatu, hasara haiendi kwa mwenye kiwanda, maana yeye analipia alichopima. Inakwenda kwa mkulima. Na kipimo chenyewe kinafanywa na mnunuzi. Mkulima anapewa karatasi yenye namba, hana namna ya kuihoji, na jirani yake aliyevuna siku ileile amepata namba nyingine. Ugomvi wa msimu hadi msimu unaanzia hapo. Ongeza misimu ambayo wakulima, wakiitikia wito wa kulima zaidi, walivuka uwezo wa kinu, na miwa ikabaki imesimama shambani bila mnunuzi wa pili ndani ya upeo wa macho.

Matatizo haya hayadai mwekezaji mpya. Yanadai maabara ya kupima inayoaminiwa na pande zote mbili, ratiba ya uvunaji isiyoandikwa na upande mmoja, na kanuni inayosema wazi mzigo unagawanywaje kinu kinapozidiwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na msamaha wa kodi wa mwaka mmoja. Lakini hakuna waziri atakayekata utepe mbele ya ratiba ya uvunaji, na hiyo ni sababu kubwa kuliko tunavyokiri.

Upande wa Kenya, chai ya wakulima wadogo ilikwenda njia tofauti. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, ilianzishwa mwaka 1964, na fedha za viwanda zilitoka nje kwa kiasi kikubwa, kupitia Benki ya Dunia na shirika la maendeleo la Uingereza, CDC. Fedha hizo ziliingia kama mkopo. Mkopo ulilipwa, viwanda vikabaki, na KTDA ilipobinafsishwa mwaka 2000 wakulima ndio wakawa wanahisa kupitia viwanda vyao. Leo wanaokisiwa kupeleka majani huko ni zaidi ya 600,000. Sisemi ni pepo. Wakulima wale wamelalamikia bonasi na viongozi wao kwa miaka, na serikali imelazimika kuingilia. Lakini wanalalamika kama wenye mali. Tunapozungumzia mtaji wa nje, tunamfikiria mtu anayekuja kumiliki. Kumbe fedha inaweza kuja na umiliki ukabaki, ikiwa tu mwenyeji yuko tayari kubeba deni na nidhamu ya kulilipa.

Kiwanda chenye miguu ni habari nyingine. Hawassa, kusini mwa Ethiopia, ilifunguliwa eneo kubwa la viwanda vya nguo mwaka 2016. Matarajio yalikuwa ajira 60,000, na mshirika mkuu alikuwa PVH, kampuni ya Marekani yenye nembo za Calvin Klein na Tommy Hilfiger. Wafanyakazi wengi walikuwa mabinti kutoka vijiji vya Sidama. Ripoti ya kituo cha biashara na haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York, mwaka 2019, ilisema mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 26 kwa mwezi, wa chini kuliko wote katika nchi zinazoshona nguo za kuuza nje. Chumba cha kupanga mjini kiliumeza mshahara huo, hivyo mabinti walilala wengi chumba kimoja, na waliochoka walirudi nyumbani. Wachumi Christopher Blattman na Stefan Dercon walifuatilia waombaji wa kazi katika kampuni tano za Ethiopia, wakachapisha matokeo mwaka 2018: wengi wa walioajiriwa waliacha ndani ya miezi michache, na kipato chao hakikuzidi cha wenzao waliobaki na shughuli ndogondogo. Mwenye kiwanda huwaita watu wasiokaa kazini. Mimi nawaona watu waliopiga hesabu.

Kisha vita vya Tigray vikaja, kaskazini kabisa, mbali na Hawassa. Novemba 2021 PVH ilifunga kiwanda chake. Januari 2022 Marekani iliiondoa Ethiopia kwenye mpango wa AGOA, ule ulioziruhusu bidhaa za Afrika kuingia sokoni kwake bila ushuru. Cherehani haina mizizi. Mnunuzi ni mmoja, soko ni moja, kibali cha kuingia sokoni kinatolewa na mji mkuu wa nchi nyingine. Mkoa unaopokea uwekezaji wa namna hii usijenge juu yake bajeti ya miaka ishirini. Utumie miaka michache ya uhai wake kuvuna ujuzi.

Ujuzi unavunwa vipi? Bangladesh ina mfano ambao wachumi hawachoki kuurudia, na sababu wanayo. Mwaka 1979 kampuni changa ya Desh ilipeleka watu 130 Korea Kusini kwa Daewoo kujifunza kushona nguo za kuuza nje. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, 115 kati yao walikuwa wameshaondoka Desh, wengi wao wakianzisha au kuendesha viwanda vingine. Kwa mwenye Desh hao walikuwa wasaliti. Kwa nchi walikuwa mbegu ya sekta ambayo leo inaajiri mamilioni, wengi wao wanawake waliotoka vijijini. Angalia kwamba waliopelekwa Korea hawakujifunza cherehani tu. Wamo waliojifunza kupanga mzigo, kuandika barua za benki na kuzungumza na mnunuzi. Mwekezaji anayeleta mameneja wake wote hadi msimamizi wa ghala, akawaachia wenyeji kubeba na kufagia, anaweza kukaa miaka 30 bila kuacha mtu hata mmoja anayeweza kuanzisha chake. Kipengele cha kudai kwenye meza ni hicho: nafasi za kati, kwa majina ya kazi na kwa tarehe.

Tukirudi kwenye kodi, nitapita haraka kwa kuwa ushahidi haubishaniwi sana. Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn nchini Marekani alipitia tafiti za vivutio mwaka 2018, akakadiria kwamba kati ya kampuni zinazopewa vivutio, ni asilimia 2 hadi 25 tu ambazo uamuzi wao ulibadilishwa navyo. Zilizobaki, angalau tatu katika kila nne, zingefanya hivyohivyo bila zawadi. Na tangu zaidi ya nchi 130 zikubaliane mwaka 2021 juu ya kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makampuni makubwa ya kimataifa, kodi unayomsamehe huku inaweza kwenda kukusanywa kwao. Unakuwa umeichangia hazina ya nchi tajiri kwa jasho la halmashauri yako.

Alabama ilitoa kifurushi cha takriban dola milioni 250 mwaka 1993 kuivuta Mercedes-Benz hadi Vance, mahali ambapo Wamarekani wengi hawakuwahi kupasikia. Bado wanabishana kama bei ile ilikuwa ya haki. Ila ndani yake kulikuwa na fedha ya kufundisha, na jimbo lilikuwa na taasisi yake tayari, AIDT, ya kuchuja na kunoa wafanyakazi kabla kiwanda hakijawasha taa. Watengenezaji wa vipuri walifuata, kisha Honda, kisha Hyundai, katika miji mingine ya jimbo hilohilo. Ireland nayo ilifungua eneo huru la biashara kwenye uwanja wa ndege wa Shannon mwaka 1959, wakati ndege za masafa marefu zilipoanza kupita bila kuhitaji kutua kujaza mafuta, na mwaka 1972 ikafungua taasisi ya elimu ya juu Limerick, jirani tu. Kodi ndogo walikuwa nayo, sikatai. Wengine wengi wamekuwa nayo pia na hawakupata kitu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuajiriwa.

Ardhi ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu ni kosa lisilorudi nyuma. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba Daewoo Logistics ya Korea Kusini ilikuwa katika mpango wa kukodi hekta milioni 1.3 nchini Madagascar kwa miaka 99 (jina ni lile la walimu wa Desh, ingawa kundi la zamani lilikuwa limeshavunjika). Hasira za wananchi zilichangia kumwangusha Rais Marc Ravalomanana Machi 2009, na mrithi wake Andry Rajoelina akaufuta mpango. Makelele yale yaliokoa ardhi. Mara nyingi mambo huenda kimya. Kisarawe, mkoani Pwani, kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kadhaa kulima mibono ya mafuta. Mwaka 2011 ikafilisika, vibarua wakarudishwa nyumbani, na mradi ukauzwa. Kwa utaratibu wa Tanzania, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali kuu, ndipo mwekezaji wa nje apewe haki ya kuitumia. Mwekezaji akishindwa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Mwanakijiji amepoteza kazi aliyoahidiwa pamoja na shamba lililokuwa bima yake kazi ikikosekana. Kwa maoni yangu, mkataba wowote wa ardhi ya kijiji usio na kifungu cha kuirudisha mradi ukifa haufai kutiwa saini, hata kama unaahidi ajira za wilaya nzima.

Nitaambiwa: mkoa maskini una nguvu gani ya kudai yote hayo? Mwekezaji atavuka mpaka. Baadhi watavuka, na wale wenye cherehani watavuka mapema zaidi. Lakini dhahabu haivuki mpaka. Ahafo, nchini Ghana, jamii zinazouzunguka mgodi zilikaa na Newmont, kampuni ya Marekani inayochimba dhahabu hapo, na mwaka 2008 wakaandikiana: dola 1 kwa kila aunsi inayouzwa, na asilimia 1 ya faida kabla ya kodi, iende kwenye mfuko wa maendeleo wa eneo hilo, pamoja na lengo la kuajiri wenyeji. Fedha imejenga majengo mengi, labda mengi mno, ningependa kuona zaidi ikienda kwenye biashara za watu. Bado ni maandishi, na mwenye maandishi anaweza kudai.

Na mengine hayahitaji nguvu kubwa. Muulize mwekezaji orodha ya manunuzi yake ya mwaka wa kwanza, toka mboga za kantini hadi boliti, na umtake aonyeshe kipi atanunua ndani ya wilaya. Halafu muulize atalipa lini. Makampuni makubwa yana mazoea ya kumlipa mzabuni baada ya siku 60 au 90. Kwa kampuni ya kimataifa siku hizo hazina uzito. Kwa mama mwenye kikundi kinachopeleka mayai kantini ya mgodi ni kifo: chakula cha kuku kinalipwa taslimu wiki hii, benki haimkopeshi kwa hati ya madai, na mwezi wa pili ameshauza kuku. Nafasi yake itachukuliwa na msambazaji kutoka jiji kuu mwenye mtaji wa kungoja, na ripoti ya mwaka itaandika kwamba wenyeji walipewa fursa wakashindwa kuitumia. Kifungu cha kulipa wazabuni wadogo ndani ya siku 14 kinachukua mstari mmoja kwenye mkataba. Kiwekwe kabla ya saini, wakati mwekezaji bado anahitaji kibali.